Orodha za Bagamoyo na Matope ya Mkata

Kuchagua watu wa kufanya nao kazi kubwa ni maarifa ya zamani kuliko vitabu vinavyoyaeleza, na kila nchi ina mahali pake yalipojaribiwa hata ikabainika kweli yake na uongo wake. Wamarekani huyajaribu kila mwaka katika mpira wao, ule uchezwao kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu na vijana waliovaa kofia ngumu na ngao mabegani. Vilabu vyao 32 hukutana mbele ya taifa zima, vikataja kimoja baada ya kimoja majina ya vijana wa vyuo vikuu, mizunguko saba, na kilabu kilichofanya vibaya kupita vyote msimu uliopita ndicho kitajacho kwanza. Desturi hiyo ilianza mwaka 1936, na watu wa huko huitazama kwa hamu karibu sawa na ile waitazamayo michezo yenyewe. Lakini msomaji wa Kiswahili atakaye kujua jinsi orodha ya watu itungwavyo, ivunjikavyo na itungwavyo tena, hana haja ya kuvuka bahari. Na afuate njia ya zamani itokayo Bagamoyo, apite chini ya milima ya Uluguru, ashuke katika uwanda wa Mkata, kisha asimame Kilosa.

Kilosa iko pale ambapo Mto Mkondoa, ukisha kupenya milima ya Usagara, hutokea katika nchi tambarare. Upande wa mashariki umelala uwanda wa Mkata, mpana na wa udongo mweusi, ambao sehemu yake ya kusini tangu mwaka 1964 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na leo mgeni huupita kwa gari katika barabara ya Iringa, akitazama twiga na nyati bila kulowa unyayo. Wakati wa kiangazi uwanda huo ni nyasi na vumbi. Wakati wa masika, mito ishukayo milimani hukutana hapo, na udongo ule mweusi hugeuka kinamasi. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, na Ujiji kutafuta pembe kwa njia hiyo ililazimika kuvuka Mkata kwanza ndipo iukwee Usagara. Na kwa kuwa hapo palikuwa mbali na pwani kiasi cha kumtosha mtu kuichoka ahadi yake, lakini si mbali mno hata asiweze kurudi alikotoka, hapo ndipo mwenye msafara alipowajua watu wake.

Hiyo ndiyo hoja ya insha hii: kwamba orodha ya msafara iliandikwa mara mbili, mara ya kwanza pwani kwa wino, mbele ya madalali na mashahidi, na mara ya pili katika nchi ya Kilosa kwa miguu ya watu wenyewe; na kwamba orodha ya pili ndiyo iliyokuwa ya haki.

Msafara haukuwa kundi la watu waliokusanywa ovyo. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, aliyevaa nguo nyekundu na pambo la manyoya kichwani, naye alichukua mzigo mwepesi kuliko wenziwe, wala hapana aliyeruhusiwa kumpita, na aliyempita alitozwa faini. Nyuma yake walifuata wachukuzi wa pembe, waliokuwa mabwana wa msafara kwa nguvu na kwa majivuno, kila mmoja na pembe yake begani, na pembe iliyopita nguvu za mtu mmoja ilifungwa katika mti ikachukuliwa na wawili. Kisha wakaja wachukuzi wa nguo na ushanga, kisha wa nyaya za shaba, kisha wenye vyombo vya kambi na mizigo midogo midogo. Na mwisho wakaja wanawake na watoto, wagonjwa na wachovu, pamoja na wanyapara ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyekaa chini kupumzika hakubaki pale pale. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratli 70, karibu kilo 32, bila kuhesabu bunduki ya mchukuzi, kibuyu chake, jamvi lake na chakula chake. Kila nafasi ilitaka mtu wake: mwenye mabega ya pembe si lazima awe na jicho la kirangozi, na mwenye sauti ya mnyapara pengine hakuwa na miguu ya kuchukua frasila mbili kutwa. Mwenye msafara aliyeyajua hayo alitafuta watu kwa nafasi. Asiyeyajua alitafuta hesabu, akafurahi ilipotimia.

Ujira wa mchukuzi ulihesabiwa kwa doti za merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikiileta Unguja, hususa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya Marekani. Doti moja ilikuwa shuka mbili, na shuka moja mikono minne. Ndiyo kusema kwamba Marekani ilikwisha kuwa na mkono katika uteuzi wa watu wa njia ya Kilosa yapata miaka mia moja kabla vilabu vyake havijaanza kuteua wachezaji. Sehemu ya ujira huo ilitolewa mbele, kwa kuwa mtu hakuweza kuacha nyumba yake bila kitu. Na hapo palizaliwa fitina zote, maana aliyekwisha kupokea alikuwa na deni, na aliyekwisha kutoa alikuwa na hofu.

Waliokuwa na taratibu bora katika jambo hili walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Kwao safari ya pwani ilikuwa sehemu ya kuwa mtu mzima. Kijana ambaye hakupata kwenda kuiona bahari alionekana hajakamilika, na wazee walimtazama kama mtu ambaye bado hajasema neno lake la kwanza. Walitoka kwao wakati wa kiangazi, wakiwa jamaa na majirani, chini ya kiongozi waliyemchagua wao au waliyemjua tangu utoto, na walijitahidi kuwa wamerudi mvua za kupandia zinapoanza. Katika msafara wa namna hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza fulani ana nguvu gani au ana tabia gani, kwani aliyemwita alikuwa amelima naye, amekula naye, na amemwona katika msiba. Fauka ya hayo, safari zao za miaka mingi ziliwajengea utani na makabila ya njiani, Wasagara miongoni mwao, hata Mnyamwezi aliyeugua au kufa mbali na kwao akapata wa kumtunza na wa kumzika. Huo ulikuwa utajiri usioonekana katika orodha yoyote, nao ndio uliofanya orodha zao zidumu.

Mambo yalikuwa mengine kwa mgeni aliyeshuka merikebuni na fedha nyingi na haraka nyingi. Mfano ulio bayana ni wa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyefika Unguja Januari 1871 kwa kusudi la kumtafuta Daktari Livingstone. Katika jambo moja Stanley alionyesha busara: kabla ya kutafuta watu wengi alitafuta watu waliokwisha kujaribiwa, akawapata baadhi ya wale waliosafiri zamani na Speke, msafiri wa Kiingereza, na wa kwanza wao alikuwa Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Mwaka 1857 alikwenda na Burton na Speke mpaka Ziwa Tanganyika, na mwaka 1860 alitoka tena na Speke na Grant, mara hiyo hata wakateremkia Misri. Mtu kama huyo hakuhitaji kupimwa mabega. Safari zake zilikuwa cheti chake.

Lakini kwa wapagazi wa kawaida Stanley hakuwa na njia ila kupitia kwa madalali wa Bagamoyo, akakaa huko siku nyingi akiwangoja, akibishana juu ya doti na juu ya idadi, na akilalamika kwamba kijana wa Kihindi aliyemtafutia watu alikuwa akimlaghai katika hesabu. Hatimaye watu wake walitoka katika misafara mitano, wa kwanza tarehe 18 Februari na wa mwisho, uliokuwa wake mwenyewe, tarehe 21 Machi 1871, jumla yao 192. Ilikuwa orodha nzuri kwa kuisoma. Ilikuwa na nahodha, askari, wapagazi, wapishi, punda, na Wazungu wawili wa kumsaidia, Farquhar na Shaw, wote mabaharia waliochukuliwa kwa kuwa walikuwapo, si kwa kuwa waliwahi kutembea siku moja katika bara la Afrika.

Masika yakamkuta njiani. Alipofika Mkata uwanda ulikuwa maji na tope. Punda walizama, mizigo ililowa, watu walishikwa na homa na kuhara, na askari na wapagazi waliokuwa wepesi wa maneno Bagamoyo wakawa wazito wa miguu. Alipovuka akatua Rehenneko, kijiji kilicho penye mguu wa milima, akapumzisha watu wake kabla ya kufuata bonde la Mkondoa. Na mbele kidogo, Kiora, akaukuta ule msafara wake wa tatu, uliotangulia chini ya Farquhar, umekwama kabisa, punda wake wengi wamekufa, na kiongozi wake amelala na maradhi hawezi hata kusimama. Farquhar alichukuliwa mpaka Mpwapwa akaachwa huko, naye akafa. Na pale Mpwapwa Stanley aliandika wapagazi wengine wa Kinyamwezi wachukue mizigo ambayo punda hawakuweza kuichukua. Shaw naye alifika Unyanyembe, hakuweza kuendelea, akafa huko. Novemba mwaka huo Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji, alikuwa peke yake katika wale Wazungu watatu waliotoka Bagamoyo, ilhali Bombay alikuwa bado yupo.

Mwaka 1873 Luteni Cameron wa Uingereza alipita njia ile ile, na mkasa wake haukuhitilafiana sana na ule wa mwenziwe. Yeye naye alimchukua Bombay awe mkuu wa watu wake, na yeye naye aliondoka pwani Machi, mlango wa masika. Alikuwa pamoja na kijana aitwaye Robert Moffat, jamaa wa mke wa Livingstone, ambaye aliuza shamba lake la miwa huko Natal ili apate kuwamo katika safari hiyo. Cameron alitangulia kwenda Rehenneko, akakaa huko na homa akisubiri sehemu ya nyuma ya msafara wake. Na Mei, sehemu hiyo ilipofika, ilileta habari kwamba Moffat amefariki upande wa pili wa Mkata. Hapana aliyekuwa na nia safi kumpita kijana huyo wakati orodha ilipoandikwa. Lakini nia haikuwa sifa iliyoulizwa na kinamasi.

Wasafiri wa Kizungu wametuachia vitabu vilivyojaa malalamiko juu ya watoro, na msomaji asiyeangalia huweza kudhani kwamba wapagazi walikuwa watu wasio na ahadi. Malalamiko ya watoro hayakuandikwa. Hata hivyo yanasomeka baina ya mistari. Mtu alitoroka posho ilipopunguzwa, au ndui ilipoingia kambini, au fimbo ilipozidi, au habari za vita zilipotoka mbele, au mvua za kupandia zilipokaribia na shamba lake lingali pori. Na katika desturi ya wapagazi wa Kinyamwezi kutoroka na kuiba hayakuwa jambo moja: aliyeamua kuondoka aliweza kuuweka chini mzigo wa watu, akauacha njiani, akaenda zake, kwa kuwa jina lake lilikuwa mali yake ya safari ya mwaka ujao. Walijua pia kugoma pamoja, wakakaa kitako na mizigo yao mpaka jambo lao lisikizwe. Hivyo uteuzi ulikuwa na pande mbili. Mwenye msafara aliteua wapagazi Bagamoyo, na wapagazi wakamteua mwenye msafara, au wakamkataa, wakiisha kumwona jinsi alivyo kwenye njaa na mvua. Na mahali pa kutoa hukumu hiyo, kwa wengi wao, palikuwa nchi hii ya baina ya Mkata na Mkondoa.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba wageni walitamani kuwa na makao hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Kepteni Bloyet wa Ufaransa alijenga kituo Kondoa, karibu na Kilosa, kwa niaba ya ile jumuiya ya kimataifa iliyoanzishwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ili wasafiri wapate pa kupumzika na kujipanga upya. Disemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Usagara na karatasi zake za mikataba, akapata alama za wakubwa wa nchi, na Februari ya mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikazitambua karatasi hizo. Tangu hapo aliyetafuta watu wa kazi Kilosa hakuwa tena mgeni apitaye. Alikuwa mtawala, na mtawala haombi kwa namna ya mfanyabiashara.

Kisha ikaja reli. Treni ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909, na kila kituo ilichofika kilifuta sehemu ya njia ya wapagazi, hata ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi iliyolea vizazi vya Unyamwezi ikawa imekwisha nguvu. Lakini haja ya kuandika watu haikwisha. Ilibadili sura tu. Kampuni ya Otto, ya wenye viwanda vya nguo Ujerumani, ilikuwa imefungua shamba kubwa la pamba Kilosa, nayo ilitaka mikono. Na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi ya Waingereza yakaiingia Kilosa Agosti 1916, pande zote mbili zilitaka wachukuzi kwa maelfu, na sasa hapakuwa na doti ya kubishania wala nafasi ya kukataa: mtu alikamatwa kijijini, akaandikwa, akapewa mzigo wa risasi au unga, na wengi hawakurudi. Katika uteuzi wa namna zote ambao njia hii imepata kuuona, ule ulikuwa mbaya kupita wote, kwani uliondoa haki ya mteuliwa kuteua.

Baada ya pamba lilikuja zao lililotawala zaidi, nalo ni mkonge. Asili yake ni Mexico. Dakta Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, na katika miche elfu iliyotumwa ikasalimika 62 tu, ambayo ndiyo mama wa mashamba yaliyokuja kuenea Tanga, Morogoro, Kimamba na Kilosa. Mashamba yale yalihitaji watu kupita uwezo wa vijiji vya jirani, maana Msagara na Mkaguru waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kukata majani ya mtu mwingine kwa mwaka mzima. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake wakaenda Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda na Urundi.

Hapa ndipo uteuzi ulipofanywa kuwa kazi ya ofisi. Kijana aliyekubali alipimwa na daktari, akaandikwa, akapewa nambari, akasafirishwa kwa lori na treni pamoja na wenzake, na alipofika shambani alipewa kipande chenye siku 30 za kutimiza, siku ambayo hakumaliza kazi yake ikawa haikuhesabiwa. Walijulikana kwa jina la manamba, na jina hilo lilibeba dharau ambayo wao hawakuistahili. Ofisi ilijitahidi kuwajua watu wake kwa uzito wa miili na kwa kabila, ikidhani kwamba watu wa mahali fulani hufaa kukata na wa mahali pengine hufaa kupalilia. Walakini ilisahau kuuliza walilala wapi, walikula nini, na walimwacha nani nyumbani. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, mishahara ilipanda, wenye mashamba wakapunguza watu, na safari za manamba zikakoma. Waliobaki Kilosa na Kimamba wakawa wenyeji, wakaoa, wakazaa, na hata leo mtu akipita katika kambi za zamani za mkonge atawakuta wajukuu wa Waha, Wangoni na Wamakonde wakizungumza Kiswahili kimoja. Katika miaka hiyo hiyo tawi la reli litokalo Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, na utafutaji wa wakata miwa ukashika njia ile ile.

Mpira wa miguu ulikuja nchi hii kwa njia za reli, za mashamba, za shule na za misheni, na ndio urithi wa mwisho wa mambo haya. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka uliofuata, mwaka ule ule Wamarekani walipofanya uteuzi wao wa kwanza, kikazaliwa kilabu ambacho leo ni Simba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, kombe lilizunguka katika vilabu vya Dar es Salaam peke yake kwa miaka kumi, mpaka mwaka 1975 lilipochukuliwa na Mseto ya Morogoro, kilabu cha kwanza kutoka nje ya mji mkuu kupata heshima hiyo. Robo karne baadaye, mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ubingwa ulikwenda Mtibwa Sugar, kilabu cha kiwanda cha sukari kule Turiani. Mkoa ambao wageni wa zamani waliujua kwa kinamasi chake ulikuwa umeyapita majiji kwa watu wake.

Vilabu vikubwa, kwa upande wao, vimeendelea na mtindo wa Bagamoyo. Dirisha la usajili linapofunguliwa kuna madalali, kuna fedha za mbele, kuna ubishi juu ya idadi na juu ya ujira, kuna picha za mchezaji mpya akishika jezi, na mashabiki huhesabu majina kwa furaha kana kwamba jina lenyewe hupiga mpira. Mvua za ligi zikisha kunyesha, nusu ya orodha haionekani. Mmoja ameumia, mwingine amegombana na kocha, wa tatu hajalipwa akarudi kwao, na dirisha dogo hufunguliwa ili orodha iandikwe upya.

Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hili mapema. Katika ule uteuzi wa mwaka 1936, uliofanyika katika hoteli moja ya Philadelphia kwa shauri la Bert Bell, mwenye kilabu cha Eagles, majina ya vijana yaliandikwa ubaoni, na vilabu tisa vikachagua watu 81. Wa kwanza kutajwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji bora wa vyuo mwaka uliotangulia. Eagles hawakupatana naye, wakaihawilisha haki yao kwa Chicago Bears, ambao nao hawakupatana naye juu ya ujira, naye hakucheza mchezo hata mmoja wa kulipwa. Zaidi ya nusu ya wale 81 hawakucheza. Leo vilabu hivyo huingia kambi ya kiangazi na watu wapatao 90, na kabla ya msimu kuanza huwapunguza mpaka 53. Kijana aliyetajwa mbele ya taifa zima Aprili huweza kuachwa Agosti, na aliyekuja bila kutajwa popote akachukua nafasi yake. Hata sisi tuna mfano wa karibu katika mchezo wa mpira wa kikapu wa huko huko, kwani mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana mrefu kuliko milango, alitajwa wa pili katika Marekani nzima, na Memphis Grizzlies wakamchukua mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ni heshima ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyeipata; lakini urefu uliowashangaza wateuzi haukumpa nafasi ya kudumu, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ametoka katika ligi ile, wakati wale wawili waliotajwa baada yake walikuwa wakiendelea kupanda.

Basi historia ya Kilosa inatufundisha nini? Si kwamba kuchagua ni kazi bure, maana Bombay alichaguliwa, na wale wakongwe wa Speke walichaguliwa, na hao ndio waliosimama wengine walipoanguka. Inafundisha kwamba mtu huchaguliwa vema na yule aliyemwona kazini, wala si na yule aliyemsikia kwa dalali. Kwamba nafasi hutafutiwa mtu, wala idadi haitafutiwi majina. Kwamba posho iliyocheleweshwa hufuta wino wa mkataba. Na kwamba mteuliwa naye ni mteuzi, hata kama hakuna kalamu mkononi mwake. Wanyamwezi walilijua hilo bila ofisi. SILABU ilikuwa na ofisi, daktari, lori na nambari, nayo haikulijua.

Viongozi wa vilabu vya mpira, basi, hasa wa mkoa wa Morogoro, watafanya vema wakitoka mapema kwenda katika viwanja vya vumbi vya Kilosa, Kimamba, Mikumi na Ruaha, wawatazame vijana wakicheza mwaka mzima, kiangazi na masika, wajue nyumba zao na wazazi wao, kisha wawape mikataba wanayoweza kuitimiza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kilabu lisihifadhi majina ya waliosajiliwa tu. Liandike pia nani alibaki, nani aliondoka, na aliondoka kwa sababu gani. Kilabu kitakachoweka daftari hilo kwa miaka kumi kitakuwa na orodha ambayo fedha za wengine hazitaweza kuinunua.